Sauti za Wazee na Diski Tatu

Tangu nianze kukusanya nyimbo, vitendawili na ngano za Wahangaza na Wasubi, nimejikuta nikizungumza na wauza vifaa vya kompyuta kuliko ninavyozungumza na washairi. Wilaya za Ngara na Biharamulo zina wingi wa fasihi simulizi na uhaba wa maandishi. Kihangaza, jamaa wa karibu wa Kirundi, na Kisubi vinaishi vinywani zaidi kuliko vitabuni. Mkusanyaji wa huku hana daftari la kurithi. Ana kinasa sauti, kompyuta mpakato, na wazee ambao idadi yao hupungua kila msimu wa mvua.

Hadi sasa nina saa 180 za sauti. Ninanasa kwa WAV badala ya MP3, kwa sababu MP3 hupunguza uzito kwa kutupa sehemu za sauti zinazodhaniwa kuwa sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. Katika lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kugeuza maana ya neno, sipendi mashine inichagulie cha kutupa. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya WAV ya kawaida hula takriban megabaiti 10, na saa 180 zimefika gigabaiti 114 hivi. Kwa MP3 ya daraja la chini zingekuwa kumi na kidogo tu.

Nakala ya pili ya mzigo huo tuiite nani? Wengi husema nakala rudufu. Baadhi ya watafsiri wa programu wamechagua chelezo, neno la watu wa pwani linalotaja boya, kitu kinachoelea juu chombo kingine kikizama. Ni sitiari nzuri, ila mwenyeji wa Nyakahura asiyewahi kuona bahari hataipata upesi. Mimi husema nakala ya akiba, maana akiba kila mkulima anaijua: ni mbegu unazozitenga ambazo hata njaa ikibisha hodi huzili.

Ushairi wetu wenyewe umeokolewa kwa akiba za namna hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Beti zake zilikaa katika vichwa vya watu kwa miongo, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzinukuu. Karatasi za Taylor zikafika London, na mwaka 1940 Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Kichwa, karatasi, kitabu. Mombasa, London, Johannesburg. Moto wa nyumba moja usingeweza kuifikia minyororo yote hiyo.

Wapigapicha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikae mbali na nyumbani. Ni kanuni rahisi kuikariri, na ngumu kuitimiza Ngara.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea kwa mwanya mwembamba kuliko unywele. Ukiiangusha ikiwa inafanya kazi, kichwa hugusa sahani na mambo yameisha. Nami husafiri kwa basi na bodaboda. Kwa safari, basi, nimenunua diski isiyozunguka, ile inayouzwa kwa jina la SSD, ambayo haina kitu ndani cha kutikisika. Lakini hiyo nayo huhifadhi maneno kama chaji ya umeme, na ikikaa kabatini muda mrefu bila kuchomekwa, chaji huweza kuvuja. Ya kukaa kabatini ni ile ya sahani. Ya kutembea ni hii. Diski kubwa za mezani, zenye adapta yake ya ukutani, nimeziacha kabisa. Wilaya hizi zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na kukatika kwa umeme bado ni jambo la kawaida. Diski ndogo inayokula umeme wa kompyuta hulindwa na betri ya kompyuta. Ile ya ukutani hukatwa katikati ya kuandika. Kisha nikanunua za watengenezaji wawili tofauti, kwa kuwa mapacha wa kiwandani huweza kuugua pamoja. (Ukinunua ya terabaiti 1 na kompyuta ikaonyesha gigabaiti 931, usigombane na muuzaji. Ni hesabu mbili za kitu kimoja.)

Ugombane naye kwa flashi. Mwalimu mwenzangu wa Biharamulo alinunua stendi flashi ya terabaiti 1 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Akaijaza nyimbo za harusi, majina ya mafaili yote yakaonekana. Alipoyafungua, ya mwanzo yaliimba, mengine yalikuwa bubu. Flashi za namna hiyo hupangwa zidanganye ukubwa wao: zikijaa huendelea kupokea, huku zikifuta au kutupa. Yapo majaribio ya programu, kama H2testw, yanayojaza chombo chote kisha kukisoma tena. Huchukua saa nyingi, na ndiyo muhuri pekee ninaouamini.

Kuhusu wingu, hesabu inakataa. Kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 114 zingepanda kwa zaidi ya siku tano bila kukatika, na kifurushi kingeisha siku ya kwanza. Ninapandisha maandishi na orodha ya waimbaji tu. Nakala ya mbali ilibidi itafutiwe nyumba yenye paa, ng'ambo ya radi inayoweza kuipiga nyumba yangu, na radi za ukanda huu wa maziwa si za kubeza.

Aliyenionyesha nyumba hiyo ni bibi mmoja wa Rulenge. Nilipomwomba aimbe aliniuliza, "Mwalimu, ukiondoka na sauti yangu, wajukuu watasikia nini?" Tukakubaliana: diski ya tatu ingekaa kwake, ikiwa na nyimbo zake na za majirani zake, nami ningepita kila Julai kuiongezea na kuisoma yote, kuona kama ingali hai. Hapo nakala ya mbali ikawa imerudi kwa wenyewe, jambo ambalo kanuni ya Krogh haikulitaja.

Ila kuna wimbo mmoja. Bibi aliuimba kumlilia mtoto wake wa kwanza, na baada ya ubeti wa mwisho kinasa kilipokuwa bado kinazunguka alisema, kwa Kihangaza, kwamba huo si wa wageni. Alifariki mwaka jana. Mwanawe wa kiume, anayeishi Mwanza kwa miaka 20 sasa, anautaka usikike siku ya kuondoa matanga. Bintiye, aliyebaki nyumbani, anasema mama hakuuondoa mkono wake juu ya neno lile. Je, mtoto wa Mwanza ni mgeni? Si swali la kuamuliwa na mwenye diski, lakini aliye na nakala tatu ndiye anayeulizwa.

Nimeutenga wimbo huo katika diski zote tatu, nikaufunga kwa nywila. Nywila nimeiandika kwa kalamu na kuiweka katika bahasha mbili. Moja anayo binti. Ya pili ingali kwangu, na Julai inakaribia.