Jenereta Iliyonihubiria

Leo sitaanza na mstari. Nitaanza na kosa langu.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 tulikuwa kwenye kesha hapa Witeithie. Kuelekea saa nne usiku stima ikapotea. Wengi wenu mnaukumbuka usiku ule, maana hatukuwa peke yetu. Karibu nchi nzima iliingia gizani. Spika zikakata, kinanda kikanyamaza. Washirika wakawasha tochi za simu, nami nikapaza sauti kwamba giza haliwezi kuzuia sifa. Tukaimba kuliko tulivyokuwa tukiimba kukiwa na mwanga. Moyoni nilijiona mtu wa imani.

Simu yangu ilikuwa mfukoni, nimeizima mlio. Nilipokuja kuitoa nilikuta mke wangu amenipigia mara nane.

Mama yangu alikuwa akiishi nasi. Miaka mingi ya kupika kwa kuni ilikuwa imemharibia mapafu, na daktari alikuwa amemwandikia mashine ya oksijeni ya nyumbani. Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida, ikaichuja, ikampa mgonjwa oksijeni kupitia mrija wa puani. Inafanya kazi kwa stima. Stima ikizima, nayo inazima, wala haingoji umalize maombi.

Mke wangu alimkalisha mama kitandani, akafungua madirisha yote, akakimbia kumwamsha jirani mwenye gari. Wakampeleka hospitali kule Thika. Nilifika nyuma yao nikiwa bado na Biblia mkononi. Mungu ni mwema, mama alipumua. Asubuhi nilipoketi kando ya kitanda chake aliniambia, "Mwanangu, niliwasikia. Mliimba vizuri."

Hakuwa akinisuta. Kanisa liko karibu na nyumbani, na kweli alitusikia. Alitusikia tukiimba huku yeye akitafuta pumzi. Neno hilo limenihubiria kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia.

Basi nikaamua kununua jenereta. Hapo ndipo kosa la pili lilipotaka kuzaliwa. Nilitaka kubwa. Nilitaka ile ambayo ikinguruma mtaa mzima unajua kwa mchungaji kuna mwanga. Nikasema itawasha nyumba yote, na siku za kesha tutaibeba kanisani. Nikamwita kijana mmoja wa kanisa letu, fundi wa stima, anisindikize dukani.

Akaniuliza, "Pasta, unataka kuwasha nini?"

Nikamjibu, "Nyumba."

Akacheka. "Nyumba haiwashwi, Pasta. Vitu ndivyo huwashwa. Nitajie kimoja kimoja."

Tukaketi mezani na karatasi. Mashine ya mama, wati 350. Taa sita za wati 9, jumla 54. Televisheni 80. Simu na intaneti, tuseme 30. Friji, wati 150 ikiwa inatembea, lakini akanionya kwamba friji inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu au nne ya hapo kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo huiangusha jenereta ndogo. Kwa hiyo friji tukaiandikia 600. Kisha akauliza kuhusu pasi, birika la stima na shawa ya maji moto. Birika peke yake ni kama wati 2,000. Shawa hupita 5,000. Akachukua kalamu akavikata vyote vitatu. "Hivi ni vya starehe," akasema. "Stima ikipotea, chai itapikwa kwa gesi."

Tulipojumlisha tulipata wati 1,114. Mimi nilikuwa nikiwaza mashine ya kVA 10!

Akanifundisha pia kutosoma namba kubwa iliyo kwenye boksi. Mara nyingi namba hiyo ni ya nguvu ya ghafla, isiyodumu. Utafute ile ya nguvu ya kudumu. Na kama imeandikwa kwa kVA, mara nyingi wati ni chache kuliko unavyodhani: kVA 5 zikihesabiwa kwa kiwango cha 0.8 ni wati 4,000 tu. Tena sisi huku tuko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Yaani jenereta ya wati 2,000 ikifika Witeithie itakupa kama 1,700. Zilitutosha na kubaki. Tukachagua ndogo ya petroli, ya aina ya inveta, ambayo stima yake ni tulivu na haichezichezi, kwa sababu mashine ya mgonjwa haipendi stima inayopanda na kushuka.

Luka sura ya 14, Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akahesabu gharama kwanza. Siku zote nilihubiri mstari ule kwa habari ya kujikana nafsi. Siku ile niliuona mezani kwangu. Kuhesabu ni kukubali ukweli wa ulicho nacho na ulicho nahitaji nacho. Mimi sikuhitaji mngurumo. Nilihitaji wati 350 zisizokatika.

Tukafika kwenye suala la mahali pa kuiweka. Kwa ajili ya wezi nilitaka ikae kwenye korido, mlango ukifungwa. Yule kijana aliniangalia kwa muda. "Pasta, utakuwa umemwokoa mama na ukosefu wa stima, halafu umuue kwa moshi." Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na humuua mtu akiwa amelala. Ni hewa ile ile inayotuachia misiba kila msimu wa baridi watu wanapolala na jiko la makaa ndani. Jenereta haikai ndani ya nyumba, wala kwenye veranda, wala chini ya dirisha. Yetu iko nyuma kabisa ya ploti, zaidi ya mita sita kutoka dirishani, bomba la moshi limeelekea ukuta wa mbali, ndani ya kizimba cha chuma kilichochomelewa na kufungwa kwa kufuli. Fundi wa kuchomelea alilipwa, na mwizi hajaiweza.

Jambo lingine. Kuna watu huchukua waya wenye plagi pande mbili, wakaingiza stima ya jenereta kwenye soketi ya ukutani. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Stima hiyo inaweza kurudi hadi kwenye laini ya nje na kumuua fundi aliye juu ya mlingoti, anayehangaika kukurudishia mwanga. Weka swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wetu huiita chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni. Mwanga wa nyumba yako usiwe msiba wa nyumba ya mwenzako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana neno lenyewe liko hapa. Usiku ule ule wa Agosti, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ulikuwa na giza, na abiria walikwama. Aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi mbele ya taifa na kueleza kwamba jenereta moja ilikataa kuwaka. Hawakukosa jenereta. Ilikuwepo. Ila saa ilipofika, haikuwaka.

Hao wanawali kumi wa Mathayo 25, wote walikuwa na taa. Nawe unaweza kuwa na Biblia, na kiti chako kanisani, na ushuhuda wa mwaka 2010. Umeijaribu lini mara ya mwisho? Petroli ikikaa miezi mingi ndani ya tangi huharibika na kuziba kabureta. Mafuta ya zamani hayawashi taa ya leo.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naiwasha yetu kwa dakika 20, ikiwa imebeba mzigo, si bure. Natazama oili. Nabadilisha petroli iliyokaa. Na kwa kuwa hata jenereta nzuri huchukua dakika kadhaa mtu aifikie na kuivuta kamba, kando ya kitanda cha mama tuliweka mtungi mdogo wa oksijeni, na sote nyumbani tukajifunza kuufungua. Mtoto wetu wa miaka 12 anaujua.

Jumamosi tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, nchi ikaingia gizani tena. Mke wangu akafungua mtungi. Mimi nikatoka na tochi, nikavuta kamba mara mbili, ikawaka. Nikageuza swichi. Niliporudi chumbani mashine ilikuwa ikipumua na mama amelala. Hakujua hata kama stima ilipotea. Niliketi sakafuni nikalia.

Jina la mtaa wetu kwa Kikuyu linatuambia tujisaidie wenyewe. Zamani nilidhani jina hilo linashindana na imani. Siku hizi naona Mungu alimsaidia mama yangu kupitia karatasi, kalamu, na kijana aliyethubutu kumcheka mchungaji wake.

Mpendwa, nani nyumbani kwako anategemea pumzi wakati wewe uko kwenye kesha? Mpigie simu leo. Na kama kuna jambo umelinunua ukaliacha kona bila kulijaribu, iwe ni jenereta au ni maombi, toka uvute kamba kungali mchana.

Baba, tufundishe kuhesabu, na utukute tumejiandaa. Katika jina la Yesu. Amina.

Mbarikiwe.