Kufuli Tulilolifunga Nyumbani

Akina mama wenzetu, haya tunayaandika kwa aibu kidogo, maana jambo lenyewe tulilifanya tukiamini ni busara. Tulifunga simu ya nyumbani.

Nyumbani kwetu Ilala, si mbali na soko la Karume, kuna simu moja ndogo ya kitochi inayokaa juu ya kabati la vyombo. Si ya mtu mmoja. Watoto wanaitumia wakirudi shule, dada anayetusaidia kazi anaitumia, na bibi akija kutoka kijijini naye anaitumia. Sisi wazazi tuna simu zetu, lakini ile ya kabatini ndiyo ya familia, na salio lake hutoka katika fedha za matumizi, pamoja na mkaa na sukari.

Katikati ya mwaka 2023 salio lilianza kuyeyuka. Tunaweka shilingi 2,000 asubuhi, jioni hakuna kitu. Siku nyingine tunaongeza, tunakuta zimekatwa kulipa salio la kukopa ambalo sisi hatukulikopa. Mwanzoni tulidhani ni ule ulaghai wa namba ya nje inayolia mara moja na kukatika ili mtu apige kuona ni nani, na dakika zake ziwe za bei mbaya. Lakini ulaghai ule haumjii mtu kila Jumatano na kila Jumapili. Tulipotazama orodha ya simu zilizopigwa, ilikuwa imefutwa. Hapo tukajua mkono ni wa ndani ya nyumba.

Tukamshika mtoto wetu wa kidato cha tatu. Nani mwingine? Ana miaka kumi na sita, ana marafiki, na akiulizwa jambo huangalia chini. Alikana. Baba akamwambia maneno makali, na mama hakumzuia. Tutarudi hapo.

Jumamosi moja tulipokwenda Kariakoo kununua vitambaa vya akina mama wa kanisani, tuliingia katika duka la simu Mtaa wa Aggrey. Tukamweleza kijana wa pale shida yetu. Akasema simu yoyote inaweza kufungwa isitoe simu, ikabaki ya kupokea tu, na kuna namba ya siri anayebaki nayo mwenye simu. Kisha akatuuliza swali moja la maana sana: "Mama, nifunge zote au za nje ya nchi tu?" Tukajibu bila hata kufikiri: zote. Akabonyeza nyota, 33, nyota, namba ya siri na alama ya reli, kazi ikaisha. Tulitoka pale tumefurahi kama watu walioponywa.

Tulipokuwa watoto, katika ofisi ya mchungaji wetu kulikuwa na simu nyeusi ya kuzungusha, na kwenye tundu moja la duara lake lilining'inia kufuli dogo la shaba. Ofisi nyingi zilifanya hivyo siku zile, kabla simu za mkononi hazijafika nchini mwaka 1994. Lakini wajanja waliligundua dawa yake: waligonga kile kitufe cha kukatia, mara tatu kwa namba tatu, mara saba kwa namba saba, na simu ikaenda. Kufuli letu la kisasa halikuwa na mlango wa nyuma wa namna hiyo, na sisi tukaona hiyo ndiyo sifa yake.

Kwa wiki tatu salio lilitulia. Tukasimulia hata kwenye kikao cha akina mama kanisani, na wenzetu wawili wakaomba waelekezwe. Yule dada alikuwa amenyamaza kupita kawaida, lakini tulisema labda ni uchovu. Muuguzi anayesoma uso wa mgonjwa asiyemjua akiwa bado mlangoni hakusoma uso wa binti anayelala chini ya dari moja naye.

Usiku mmoja wa Agosti mama alikuwa zamu ya usiku, hospitali iliyo upande mwingine wa mji. Baba alikuwa safarini Dodoma. Saa nane usiku mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, akapata homa kali, kisha degedege. Dada akachukua simu ya kabatini akapiga. Ikakataa. Akampa kijana wetu, naye akapiga, ikakataa. Akaandika ujumbe, nao haukwenda, kwa maana kufuli lile lilizuia kila kinachotoka. Akajaribu kubipu. Hata bipu, ambayo haili senti, nayo ikagoma. Salio lilikuwepo, shilingi 1,800, limekaa tu.

Namba ya dharura 112 hupita hata simu ikifungwa hivyo, lakini hatukuwa tumemwambia mtu. Kijana wetu akatoka pekupeku na simu mkononi ili asome namba yetu, akagonga kwa mama jirani mwenye genge. Huku nyuma dada, kwa hofu, akafanya alichoona kwao kikifanywa: akachukua kijiko, akakipenyeza kati ya meno ya mtoto. Simu ya jirani ilipotufikia wodini, degedege ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwa akitoka damu kwenye fizi, jino moja la mbele limelegea. Tungepatikana dakika ile ya kwanza tungesema maneno machache tu ambayo huwa tunawaambia akina mama kila siku kliniki: mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Wakampeleka Amana kwa bajaji. Ilikuwa malaria. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini lile jino halikupona.

Kesho yake dada alipiga magoti jikoni akasema, "Mama, aliyekuwa anapiga nje ni mimi." Dada yake wa tumbo moja alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Miezi miwili alikuwa hajatuma neno. Ndiyo maana Jumatano na Jumapili, sisi tukiwa mazoezi ya kwaya na ibadani, binti huyu alikuwa anapiga Oman, anasubiri, wakati mwingine anapokea mtu mwingine anayemwambia ngoja, na dakika zinakwenda. Vifurushi vyetu vya kawaida havivuki mpaka, kwa hiyo kila dakika ilitafuna salio lenyewe. Alikosea kutuficha. Lakini kwa nini hakuthubutu kutuambia? Swali hilo tumelibeba muda mrefu kuliko hasara ya vocha.

Kijana wetu tulimwomba radhi, baba kwanza, kwa sauti, mbele ya wadogo zake.

Kufuli hatukuliondoa lote. Simu za kwenda nje bado zimefungwa, kwa *331*, namba ya siri na #, na zile za ndani ziko wazi. Atakayefanya hivyo aibadilishe namba ya siri iliyokuja na laini, maana mara nyingi ni 0000 au 1234 na kila mtoto anaijua. Na asibahatishe, kwa sababu akikosea mara tatu huduma yenyewe hujifunga, na itabidi awaone watu wa mtandao wake. Ajue pia kwamba kufuli hili halizuii simu za WhatsApp, kwa kuwa hizo hupita kwenye intaneti. Sisi hilo limetufaa. Jumapili baada ya ibada dada alikuwa anapewa simu janja ya baba, na Jumapili ya tatu dada yake alipatikana. Alikuwa amehamishiwa nyumba nyingine na kunyang'anywa simu.

Ukutani juu ya kabati tumebandika karatasi: namba zetu wazazi, ya mama jirani, 112, 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, 116 ya watoto. Chini kabisa dada ameongeza namba ya Muscat kwa mwandiko wake. Yeye hawezi kuipiga kwa kitochi kile, lakini yule wa Muscat anaweza kupiga kuja, na hupiga Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Simu ile ikilia jioni hiyo, watoto wanapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa.