Sikio Si Chungu cha Kukwangua

Ziko methali mbili ambazo mtoto wa kwetu huzisikia kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Ya kwanza ndiyo hii: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya pili yasema: Sikio la kufa halisikii dawa. Mama amemwita mwanawe mara tatu, naye ameendelea kuchezea udongo uani; basi methali yamwangukia kichwani. Mwalimu ametoa amri, mtoto amesimama akiutazama mdomo wa mwalimu kama msafiri aliyepotea njia. Methali yamwangukia mara ya pili, na pengine kofi huifuata. Sisi hatuzikatai methali za wazee. Lakini katika miaka tuliyokaa mbele ya ubao tumeona ya kuwa wako watoto waitwao wakaidi, kumbe masikio yao hayakufa wala hayakukaidi. Yamezibwa tu. Na mara nyingi aliyeyaziba ni yule ampendaye mtoto kuliko watu wote.

Mnaijua desturi ya Jumamosi jioni. Maji yamechemshwa, watoto wamesuguliwa mmoja baada ya mwingine, nguo za Misa zimepigwa pasi ya makala, kwa maana kesho ni siku ya Mungu na hakuna mama apendaye jirani aketiye nyuma kanisani alione shingo la mwanawe likiwa na taka. Kisha huja zamu ya masikio. Huyu atwaa njiti ya kiberiti, yule pini ya nywele, wa tatu unyoya wa kuku uliokatwa ncha, wa nne vile vijiti vyenye pamba vinavyouzwa sokoni kwa mafungu. Mtoto ambanwa kichwa katikati ya magoti, naye alia. Unyoya watoka na rangi ya asali kidogo, mama afurahi, akidhani amemaliza kazi. Hakuona ile sehemu kubwa aliyoisukuma ndani.

Yatupasa kwanza kujua kile tunachokifukuza. Kile tukiitacho uchafu wa sikio, waganga hukiita nta, nao hawakiweki katika hesabu ya uchafu. Njia ya sikio la mtu mzima, tangu tundu la nje hata kile kigozi cha ndani kiitwacho ngoma ya sikio, ina urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Nta hutengenezwa katika sehemu ya nje tu ya njia hiyo, ile yenye vinyweleo. Huko hunasa vumbi, huzuia maji yasiilowanishe ngozi, na kwa uchachu wake hudhoofisha vijidudu. Tena ngozi ya njia ile haikai mahali pamoja kama ngozi ya mkono wako. Husogea polepole mno kutoka ndani kwenda nje, ikiichukua nta juu yake kama mto uchukuavyo majani. Mtu atafunapo muhogo au asemapo na jirani, taya lake huisaidia safari hiyo. Kwa hiyo nta hufika mlangoni yenyewe, ikaanguka au ikafutwa kwa kitambaa, na mwenye sikio hana habari. Muumba alilipa sikio mfagiaji wake.

Wala asione haya mtu mwenye nta nyingi au ya majimaji, akidhani ni alama ya nyumba isiyojua sabuni. Kuna nta za namna mbili duniani. Sisi Waafrika walio wengi tuna ile laini yenye rangi ya asali. Watu wengi wa Uchina na Ujapani wana nyingine, kavu, inayobanduka kama pumba. Mwaka 2006 wataalamu wa Ujapani walionyesha ya kuwa tofauti hiyo hutoka katika jeni moja, yaani urithi wa wazazi, wala haitokani na usafi.

Basi mbona wengine huzibwa? Wako wenye njia nyembamba au iliyopinda, wako wazee ambao nta yao imekauka na kuwa ngumu, na wako wavaao vidude vya kusikilizia muziki mchana kutwa. Lakini kundi kubwa ni la wale wanaokwangua. Mwaka 2017 chama cha waganga wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo mpya juu ya jambo hili, kikakadiria ya kuwa mtoto 1 kwa 10 na mtu mzima 1 kwa 20 ana nta iliyozidi mpaka kuleta taabu. Na kwa wakongwe wanaotunzwa katika nyumba za wazee hesabu yaweza kupita nusu. Hesabu hizo si za kwetu, twajua. Lakini mwalimu mwenye watoto 60 darasani, na madarasa ya namna hiyo yamekuwa mengi tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2019, na awatazame wale wa mabenchi ya nyuma ajiulize kama hawamo watano au sita wanaosikia nusu ya neno.

Mmoja wao tulimfahamu. Alikuwa katika mwaka wa nne, mtoto mpole mwenye mwandiko mzuri, lakini imla yake ilikuwa kichekesho cha darasa. Mwalimu wake alisoma: tulipanda mahindi, mtoto akaandika: tulipata maini. Watoto walicheka, naye akacheka pamoja nao, kwa maana hakujua wanachokicheka. Alihamishwa akaketi nyuma kabisa, mahali pa wasiopenda kusikiliza. Sisi tulipopewa darasa lile kwa poso chache, tuliona ya kuwa kila alipoitwa aligeuza shavu la kushoto kama jogoo anayetazama mwewe. Tukasimama mgongoni pake tukalitaja jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Tukalitaja upande wa kushoto karibu, akageuka akitabasamu.

Tulikwenda kwa mama yake, kwani si haki kumpeleka mtoto wa mtu kwa mganga bila ruhusa ya nyumbani. Mama alishangaa, tena alichukizwa kidogo. Alisema: «Mwalimu, masikio ya huyu nayasafisha mimi mwenyewe kila Jumamosi, na unyoya wangu ni safi.» Hakusema uongo, unyoya ulikuwa safi kweli, umechomekwa juu ya mlango pamoja na tawi la Matawi. Mwuguzi wa kituo cha afya alichungulia kwa taa yake ndogo. Sikio la kuume halikuonyesha ngoma hata kidogo, ila ukuta mweusi kama kahawa iliyokaangwa. La kushoto lilikuwa nusu. Hakuchukua chuma chochote. Alimwandikia matone ya mafuta kwa siku tano, akamwambia arudi. Aliporudi, maji ya uvuguvugu yaliyopulizwa taratibu yalitoa kitu kama punje ya haragwe. Mtoto alishtuka akauliza ni nani anayekwangua sakafu. Zilikuwa kandambili zake mwenyewe.

Sasa twende kwenye dawa, nayo si ya gharama. Farmasi huuza mafuta ya zeituni katika vichupa vidogo. (Tafadhali msiende kumsumbua Padri kwa ajili ya mafuta matakatifu, hayo yana kazi yake.) Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki hayafai, wala mafuta ya taa, wala mkojo, wala maji ya majani yaliyokamuliwa mkononi, ambayo humwingizia mtoto sikioni kila kilichokuwa kwenye kucha za mkamuaji. Maziwa ya mama nayo ni chakula cha kinywa. Mshike kichupa mkononi mpaka kipate joto la mwili, mkajaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono, kama mnavyojaribu uji wa mtoto mchanga. Mtoto alale kwa ubavu, sikio gonjwa likielekea juu. Mwenye umri mkubwa avutwe sikio taratibu juu na nyuma, ili njia inyoke. Mdogo asiyetimiza miaka mitatu avutwe nyuma na chini. Yadondoshwe matone 2 au 3, kisha alale vivyo hivyo kwa dakika 5 hadi 10. Hapo ndipo kazi ilipo, ndugu wasomaji, kumlaza mtoto dakika 10 bila kugeuka! Sisi twashauri hadithi ya sungura na fisi, isimuliwe upande wa sikio lililo wazi.

Akiinuka, yafutweni mafuta yanayotiririka nje kwa kitambaa safi, mkaishia pale ncha ya kitambaa inapokoma kuonekana. Fanyeni hivyo mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Msishangae kama siku ya pili mtoto asikia vibaya kuliko kwanza. Nta hufura inapolowa kabla ya kuachia. Huweza kuendelea kutoka vipande vipande kwa muda wa poso mbili, na asubuhi mtaona alama kwenye mto wa kulalia. Mafuta hayaiyeyushi kama chumvi ndani ya maji; huilainisha tu, mfagiaji yule wa kwanza akaimalizia kazi.

Juu ya kupuliza maji tungependa kusema polepole, kwa sababu wengi wameona yakipulizwa dispensari nao wakanunua bomba lao. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mganga mmoja wa Vienna, jina lake Robert Bárány, aliona ya kuwa wagonjwa aliowasafisha masikio kwa maji walipatwa na kizunguzungu na macho yao yakachezacheza. Akayachunguza maji. Yakiwa baridi, macho yalichezea upande mmoja. Yakiwa ya moto, yalichezea upande wa pili. Yakiwa na joto la mwili, wagonjwa walitulia. Maana ndani zaidi, nyuma ya ngoma, kuna vijia vitatu vyembamba vilivyojaa majimaji, navyo ndivyo vinavyotuambia kichwa chetu kinapogeuka. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimfikia akiwa mfungwa wa vita huko Urusi. Mama apulizaye maji ya kisima katika sikio la mwanawe hurudia majaribio ya Bárány bila kukusudia, na akipuliza kwa nguvu aweza kuitoboa ngoma. Kwetu sisi, bomba na likae mikononi mwa mwuguzi.

Vile vijiti vya pamba vilibuniwa Marekani mwaka 1923, na leo sanduku za watengenezaji wakubwa huonya visiingizwe ndani ya njia ya sikio. Ni vizuri kwa kupaka dawa juu ya kidonda, au kufuta mikunjo ya sikio la nje. Ile mishumaa ya masikio inayosifiwa kwamba huvuta nta kwa moshi haivuti kitu. Imewachoma watu nyuso na kudondosha nta ya ziada ndani, hata serikali ya Marekani ikaonya juu yake mwaka 2010. Twasoma katika Injili ya Marko, sura ya 7, jinsi Bwana wetu alivyomtia yule kiziwi vidole masikioni. Yeye aliliumba sikio, alikuwa na ruhusa. Sisi tuishie mlangoni.

Na kuna sikio ambalo hata mafuta lisitiwe. Likitoa usaha au damu, likiuma sana, mtoto akiwa na homa, ngoma ikiwa imewahi kutoboka au sikio limewahi kupasuliwa, hapo nyumba haina la kufanya ila kwenda kituo cha afya. Mwenye kisukari naye aanze kwa mwuguzi, na vilevile mtu aliyebakiwa na sikio moja tu lisikialo. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya majuma mawili si nta, tena wazazi wengi hulizoea kama makamasi, wakisema litapona akikua. Halizoeleki. Hula kusikia kwa mtoto mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika taarifa yake kuu juu ya kusikia iliyotolewa Machi 2021, lilisema ya kuwa karibu 60 kwa 100 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiliwa, na magonjwa ya sikio yasiyotibiwa yamo katika hesabu hiyo.

Vitu viingiavyo sikioni ni habari nyingine, lakini tumeulizwa mara nyingi. Mdudu akiingia usiku naye yu hai akipigapiga mabawa, mafuta yale yale ya uvuguvugu humwua, akatolewa baadaye kwa mwuguzi. Haragwe, karanga au punje ya mahindi isitiwe maji hata tone, kwa maana itavimba na kukwama. Ikiwa mtoto haumwi, na ingoje asubuhi. Lakini betri ndogo ya duara, ile ya saa na ya michezo ya watoto, haingoji asubuhi. Huichoma nyama kwa muda wa saa chache. Msitie mafuta, msitie maji. Mchukueni mtoto usiku ule ule.