Kobe Niliyemkalia

Kwetu Tunduma vitu vinapita. Malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde, treni ya TAZARA inapiga honi usiku, na mtoto anakua akijua kwamba mzigo ukishavuka mpaka, hakuna wa kuuliza tena habari zake. Mwaka 1986, nikiwa na miaka 10, nilipita na mimi. Mjomba, aliyekuwa akiuza maharage, alinipandisha behewa la daraja la tatu hadi Dar es Salaam, kisha tukavuka kwa meli hadi Unguja. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Siku ya tatu alinipeleka Changuu, kwa mashua kutoka mbele ya Mji Mkongwe. Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake haufiki kilomita moja. Kimechukua jina la samaki, changu. Mjomba alinionyesha jengo la mawe lenye kuta nene, akasema ni gereza. Nikawasikitikia wafungwa. Kumbe hawakuwahi kuwepo: Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani, alilijenga miaka ya 1890, likaishia kuwa karantini ya abiria wa meli kwa hofu ya homa ya manjano. Waliostahili masikitiko yangu ni wa kabla ya hapo, watumwa waliofungiwa kisiwani humo miaka ya 1860 wakisubiri kuuzwa. Hao hawakuachiwa hata ukuta wa kuwakumbuka.

Lakini nilichoondoka nacho moyoni siku ile ni kobe. Walikuwa wakijikokota chini ya miti, wakubwa kama mawe ya kuanzia msingi wa nyumba, na sikuona uzio wala mlinzi. Nikamkalia mmoja. Aliinuka taratibu, akatembea na mimi mgongoni hatua chache, akasimama na kutoa pumzi kwa sauti, kama gurudumu la baiskeli linalotolewa upepo. Mjomba alicheka hadi akafuta machozi. Niliporudi shuleni nilikuwa mtu mkubwa: nimempanda mnyama wa baharini! Hivyo ndivyo nilivyosema, na hakuna aliyejua kunisahihisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari zao, na simulizi yangu ikaanza kunikwama kooni. Kobe wanne wa kwanza, wa asili ya Aldabra, waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Ushelisheli. Walizaana, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisha wizi ukaanza. Kobe mchanga hutosha kwenye begi, na ng'ambo walikuwepo wanunuzi; kobe wengine waliliwa. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba. Nililirudia neno hilo mara mbili tatu: saba.

Nikakikumbuka Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lenye uzito wa tani 12 hivi, ambalo sisi watoto wa Songwe tulipelekwa kuliona na walimu. Kwenye ncha yake kuna pengo. Watu walikata vipande wakaondoka navyo, kila mmoja kidogo tu. Nami nilipokuwa mtoto nilichokonoa pale pale kwa msumari.

Changuu waliletwa makinda 80 mwaka huohuo wa 1996. Baadhi nao wakatoweka, ndipo ua ukajengwa kwa msaada wa watetezi wa wanyama.

Nilirudi 2019, kobe wakitimiza miaka 100 kisiwani, safari hii na binti yangu. Tausi walikuwa wakitembea bustanini. Tulipita langoni, tukaonyeshwa sehemu ya makinda iliyozungushiwa wavu, tukaambiwa hairuhusiwi kupanda wala kuinua. Wakubwa walikuwa na umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye gamba. Mlinzi akamfundisha binti yangu kumkuna kobe shingoni kwa vidole viwili, naye kobe akajiinua kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo ndefu iliyokunjamana, akatulia.

"Baba, huyu ndiye uliyemkalia?"

Nilitazama namba kwenye gamba. Kwa umri, angeweza kuwa yeye. Nikamwambia sijui, kisha nikamweleza kuhusu wale saba. Hakuuliza tena, alimpa jani jingine, akaendelea kumkuna.