Keke, Kijembe na Kishikio: Somo Moja la Karakana

Sisi wakufunzi huwaambia wakurufunzi kila mwaka kwamba mwalimu hana budi kuanza na kile mtoto anachokijua, ndipo ampeleke kwenye kile asichokijua. Kanuni hii huandikwa ubaoni, hunakiliwa madaftarini, na huulizwa katika mitihani. Hata hivyo ni nyepesi kuitaja kuliko kuifuata. Katika makala haya twataka kusimulia jinsi sisi wenyewe tulivyoivunja mbele ya wanafunzi wetu, katika kazi ndogo ya kutoboa ubao, na jinsi tulivyorudishwa njiani na fundi wa majahazi wa hapa Bagamoyo.

Siku hiyo tulikuwa karakanani na wakurufunzi wa mwaka wa kwanza, tukitengeneza viango vya kutundikia ramani na chati za darasani. Kila ubao ulihitaji tundu sita za milimita 12, za kupachika vijiti. Ubao ulikuwa wa mninga, mgumu na mkavu. Mashine ya kutobolea ilikuwa ya umeme, yenye kishikio cha taya tatu kinachokazwa kwa ufunguo. Tulieleza kwa dakika tano, tukataja majina ya sehemu zake, kisha tukamwita mkurufunzi mmoja, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, aje atoboe.

Kijembe kiliingia ubaoni kiasi cha nusu kidole, kikasimama. Mashine haikusimama. Taya ziliendelea kuzunguka juu ya shina la kijembe, zikapiga kelele ya chuma kusaga chuma, na harufu ya kuungua ikatoka. Kijana alizima, akakaza upya, akajaribu tena. Mambo yakawa yale yale. Nasi, badala ya kwenda kuitazama mashine, tulimtazama yeye. Tulisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mkono wako ni wa kushika kalamu tu. Hukukaza." Wenzake walicheka. Basi siku hiyo karakana ilikuwa na vijembe viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha maneno, na kilichochoma zaidi kilikuwa chetu.

Tukaichukua mashine sisi wenyewe, tukakaza kwa nguvu zetu zote, tukatoboa. Kijembe kikateleza vile vile. Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana akasema kwa upole, "Labda tatizo si mkono, mkufunzi." Hatukumjibu. Tulisema kwamba kijembe ni kibovu, tukafunga kipindi. Juma lililofuata alikuja ofisini kuomba kwamba, atakapopangiwa mazoezi ya kufundisha, asipewe vipindi vya kazi za mikono. Alituambia kwamba yeye hafai kwa kazi hizo. Hapo ndipo tulipotambua ukubwa wa hasara. Mwalimu mmoja anayeamini kwamba hafai huweza kupita mbele ya madarasa mengi katika maisha yake ya kazi, na katika kila darasa akayakwepa mambo ambayo watoto wangenufaika nayo.

Jioni moja tulishuka pwani, mahali wanapounda na kukarabati majahazi na mashua. Tulimkuta fundi mmoja mzee akitoboa ubao wa mashua kabla ya kuupigilia misumari, maana ubao mgumu ukipigiliwa msumari bila kutobolewa hupasuka. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, naye alikuwa akitumia keke. Tulimwamkia, tukaketi, tukamweleza shida yetu bila kutaja kijana wala maneno tuliyomwambia.

"Kijembe hakitelezi bure, mwalimu," alisema. "Kikiteleza, tazama makao yake kwanza. Mkono utaulaumu baadaye."

Kisha akatupa keke mikononi tuitazame. Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuishika, tutaieleza. Keke ina sehemu nne kubwa. Iko uta, yaani upinde wenye ugwe uitwao upote. Uko msukano, kipande cha mti cha mviringo ambacho upote huzungushiwa. Liko jivu, yaani kishikio cha juu ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja, na ndani yake msukano huzunguka kwa urahisi. Mwisho kiko kijembe, chuma chenye ncha bapa iliyonolewa pande zote mbili. Fundi huuvuta na kuusukuma uta kama avutaye msumeno, nao msukano huzunguka mbele na nyuma. Ndiyo sababu ncha ya kijembe hunolewa pande zote mbili, ili ikate katika kwenda na katika kurudi.

Sasa lililo kubwa kwetu lilikuwa jinsi kijembe kinavyokaa katika msukano. Mzee alikigonga kidogo kwa ubavu, akakichomoa. Mkia wake haukuwa wa duara. Ulikuwa wa pembe nne, mpana karibu na ncha ya kukatia na mwembamba kuelekea mwisho, mfano wa kabari. Tundu la msukano nalo lilikuwa la umbo lilo hilo, na ukingo wake ulikuwa umezungushiwa kamba nyembamba iliyokazwa ili mti usipasuke. Fundi anapokandamiza, kabari huzidi kuingia. Anapozungusha, pembe nne za mkia hugota kwenye pembe nne za tundu. Ili kijembe kizunguke peke yake ndani ya msukano, yapasa kwanza mti upasuke.

Chombo hiki ni cha kale. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya karne ya 15 kabla ya Kristo, zimo picha za maseremala wakitoboa kwa keke ya uta. Katika pwani yetu, kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na bandari iliyoitwa Rhapta, jina linalotokana na neno la Kigiriki la kushona. Mitepe ya pwani ya Lamu, iliyoendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ilishonwa kwa namna hiyo. Hakuna ubao unaoshonwa bila kutobolewa. Kwa hiyo swali lililotushinda karakanani, la kumshika atobolaye asiteleze, ni swali ambalo mafundi wa pwani hii wamelijibu kwa karne nyingi.

Tulirudi chuoni, tukakifungua kishikio cha mashine, tukakitazama kwa macho mapya. Ndani ya kiwiliwili chake mmetobolewa njia tatu zilizoinama, zote zikielekea mahali pamoja katikati. Katika kila njia mna taya moja. Mgongo wa kila taya umechongwa hesi, na hesi hizo zimeshikana na pete moja inayozizunguka zote. Ufunguo una meno yanayoingiana na meno ya ganda la nje; ukiuzungusha, ganda huzunguka pamoja na pete, na pete husukuma taya zote tatu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa njia zimeinama, taya zinaposhuka hukaribiana pia. Kishikio cha namna hii kilipewa hataza mwaka 1902 huko Marekani, kwa jina la Arthur Irving Jacobs. Vijembe vya chuma vyenye msokoto, ambavyo leo twaviona katika kila duka la vifaa, vilipewa hataza kabla yake, mwaka 1863, kwa jina la Stephen Morse wa nchi hiyo hiyo.

Kwa nini taya ziwe tatu? Mama wa Kiswahili angejibu upesi kuliko sisi, kwani chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Taya mbili zaweza kuliacha shina liyumbe kwa ubavu. Taya nne zahitaji usahihi mkubwa ili zote ziguse sawasawa. Taya tatu zikisogea pamoja, shina la duara halina pa kukimbilia ila katikati.

Lakini hapa pana tofauti kubwa na keke, na ndipo kosa letu lilipojificha. Keke hushika kwa umbo, yaani pembe hugota kwenye pembe. Kishikio cha taya tatu kinachobana shina la duara hushika kwa msuguano peke yake. Kadiri tundu linavyokuwa pana ndivyo ubao unavyokizuia kijembe kwa nguvu zaidi, na msuguano hauna budi kuishinda nguvu hiyo yote. Kitu chochote kinachopunguza msuguano kitaachia kijembe kiteleze, hata mkono uwe wa simba.

Tulipopitisha kidole juu ya shina la kile kijembe, kidole kilitoka na mafuta. Ndipo tulipokumbuka. Juma moja kabla ya somo lile, sisi wenyewe tulikuwa tumevipaka mafuta vijembe vyote, maana hewa ya bahari huleta kutu upesi. Tulifanya vyema kuvipaka. Tulikosa kwa kutovipangusa kabla ya kuvitumia. Aidha, unga wa mbao ulikuwa umegandamana na mafuta hayo katika taya. Na zaidi ya hayo, tulikuwa tumemfundisha kijana akaze kwa ufunguo katika tundu moja tu la kishikio, hali mafundi hukaza katika tundu zote tatu, moja baada ya jingine, ili mbano uenee sawa. Kijana alifanya sawasawa na alivyofundishwa, na kosa lilikuwa la mwalimu.

Katika kipindi kilichofuata tulianza na keke, tuliyoazimwa na mzee. Tuliipitisha mkono kwa mkono, tukawauliza wakurufunzi: nini kinakizuia kijembe hiki kisizunguke peke yake? Walijibu wenyewe, kwa kuwa jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Baada ya hapo tuliwapa penseli mbili, moja ya duara na moja ya pembe sita. Mmoja ashike kwa vidole viwili, mwenzake azungushe. Kisha ashike kwa vidole vitatu. Kisha penseli ipakwe mafuta kidogo. Ile ya duara iliponyoka upesi, na yenye mafuta iliponyoka upesi zaidi. Ndipo tulipoileta mashine, tukafungua kishikio, tukauliza swali lile lile.

Mbele ya darasa zima tulieleza habari ya mafuta na ya tundu moja, tukamwambia yule kijana kwamba maneno yetu ya siku ile hayakuwa ya haki, na kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Hakusema neno. Alichukua kitambaa, akapangusa shina la kijembe kipya, akasafisha taya kwa brashi, akakaza katika tundu zote tatu, akatoa ufunguo na kuuweka mezani. Kijembe kikapita ubao wa mninga hadi upande wa pili. Siku chache baadaye aliliondoa ombi lake.

Kutokana na hayo, twapenda kuwaachia wakurufunzi mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, katika kufundisha mashine yoyote, anzeni na ile ambayo kazi yake iko wazi, ndipo mwende kwenye ile ambayo kazi yake imefunikwa. Keke ni kishikio kilichofunuliwa. Mashine ya umeme ni kishikio kilichofunikwa. Shule nyingi hazina mashine ya umeme, lakini hakuna shule isiyokuwa na penseli.

Pili, zana hii yaweza kutengenezwa na watoto wenyewe chini ya uangalizi wa mwalimu. Chukueni vijiti viwili na misumari miwili. Msumari wa kwanza upachikwe katika kijiti ukiwa wa duara kama ulivyo. Wa pili ufuliwe kwa nyundo mkia wake uwe bapa kabla ya kupachikwa. Watoto wajaribu kutoboa kipande cha mti laini kwa vyote viwili, nao wataona wenyewe upi unalegea upesi. Katika somo la mashine rahisi, mtakuwa mmefundisha kabari na msuguano kwa pamoja.

Tatu, kabla ya kutoboa, pangusa shina, safisha taya, ingiza shina lote lifike ndani, kaza katika tundu zote tatu, na uondoe ufunguo kabla ya kuwasha. Ufunguo ulioachwa katika kishikio hurushwa kama jiwe la kombeo. Ubao nao ubanwe kwa jiliwa, usishikwe kwa mkono.

Nne, mtoto anaposhindwa, chunguza kwanza zana, kisha maelezo uliyompa, na mkono wake uwe wa mwisho. Tunaandika hili la nne tukiwa na haya kidogo, kwa sababu tulilijua kwa maneno miaka mingi kabla ya kulijua kwa vitendo.

Keke ya mzee tumekwisha kuirudisha. Tulipompelekea, aliuliza kama kijembe chetu kimeshika. Tukamjibu kwamba kimeshika. "Na huyo aliyekuwa akikizungusha?" akauliza. Hatukuwa tumemtajia habari za kijana. Tukamweleza yote, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akachukua keke yake, akarudi kwenye ubao wake.