Usigonge, Sema Hodi

Barua niliyomwandikia Aprili 1996 ilikuwa na maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: "Panda meli, ni kulala na kuamka tu." Nilikuwa nasomea ualimu Mwanza, yeye alikuwa kwao Bukoba, anauza kanga dukani kwa shangazi yake. Meli ndiyo ilikuwa basi letu enzi hizo. Unapanda jioni, Kemondo inapakia ndizi, asubuhi uko Mwanza.

Jumanne ya 21 Mei nilikuwa bandarini tangu alfajiri, na shati la kuazima. Habari ilianza kwa minong'ono, kikafuata kilio: MV Bukoba imepinduka, tena karibu na kufika. Meli ya abiria 430 iliondoka na roho za watu zaidi ya 800. Nilitafuta jina lake kwenye orodha, sikuliona, wala hilo halikuwa na maana yoyote: abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Na nauli niliyomtumia ilikuwa ya daraja la tatu.

Alikuwa hai. Wavuvi walimwopoa akiwa amekumbatia dumu la mafuta, la njano. Nilipomkuta wodini nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote: ilikuwaje? Akageukia ukutani. Ndugu zake walimrudisha Bukoba kwa gari, wakazunguka Shinyanga na Kahama, kwa kuwa njia ya Geita ilikuwa na kivuko. Niliandika barua nne, hakujibu hata moja. Nikajiambia amenichukia, kuamini hivyo kulikuwa rahisi kuliko kumfuata. Baadaye nilioa, ndoa ikadumu miaka sita. Sina la kusimulia hapo.

Mwaka 2012 nilikwenda msibani Bukoba, nikaelekezwa anakoishi, Kashai. Mlangoni palining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: USIGONGE. SEMA HODI.

Nikasema hodi. Kimya. Nikasema tena.

"Sauti hiyo," akajibu kutoka ndani. "Karibu, mwalimu."

Aliniandalia ndizi na maharage, na tulipokuwa tunakula akasimulia bila kuulizwa. Mtumbwi uliomwokoa ulipita karibu na tumbo la meli, likiwa bado juu ya maji, na ndani watu walikuwa wanagonga chuma. Baadaye lilitobolewa tundu ili watolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama nao. Hayo aliyasikia kwa watu, yeye alishafikishwa nchi kavu. Alichobaki nacho ni ule mlio.

"Mtu akigonga mlango," alisema, "mimi najua ni wao."

Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya barua. Alinitazama kama mtu asiyeelewa. "Wewe ungejuaje?" Akaniongeza ndizi. Zile barua nne alikuwa nazo, kwenye bati la biskuti. Ile ya kwanza ilikuwa mkobani, ikabaki ziwani.

Tangu siku hiyo kwenda likawa jukumu langu, likizo kwa likizo, na kivuko cha Busisi nikakizoea kama kizingiti cha nyumba. Mara moja alijaribu kuvuka, mwaka 2016. Tulifika hadi ukingoni. Lango la pantoni likashuka likagonga zege, naye akageuka taratibu, akaenda kununua sangara wa kukaanga kama mtu aliyekumbuka jambo. Tulilala Sengerema, kesho yake nikamrudisha kwake.

Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa 19 Juni 2025, takriban kilomita 3 juu ya maji. Hotuba za uzinduzi sikuzisikiliza. Nilikata tiketi mbili.

Katikati ya daraja dereva alipunguza mwendo ili abiria wapige picha, basi zima likahamia dirishani. Mwenzangu alikuwa amefumba macho, kanishika mkono hadi vidole vimekufa ganzi.

"Dereva," aliita, macho bado yamefumbwa, "twende baba. Picha mtapiga Mwanza."