Swali la Mzee wa Masieda

Nilipofika Masieda, wilayani Mbulu, mzee mmoja mfugaji aliniuliza: "Mwalimu, matrekta yakija, wajukuu zetu watachunga wapi?"

Swali hilo si la bure. Katika wilaya ya Hanang, tangu miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Kanada, yalitwaa yapata ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Hata makaburi ya wazee wao yalilimwa. Ngano ikavunwa, wafugaji wakafukarika.

Korea ya Kusini, kabla ya kustawi viwanda vyake, iliwagawia wakulima ardhi kuanzia mwaka 1950. Watoto wao wakasoma, kisha wakaingia viwandani.

Basi enyi vijana, yapokeeni maendeleo, lakini kwanza mipaka ya malisho na mashamba yenu iandikwe, kama iruhusuvyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.